Papa Octave Amuri na Wimbo wa Sauti Tano

Leo, Jumapili tarehe 29 Septemba 1957, Papa Octave Amuri anastaafu baada ya kuongoza kwaya ya misioni yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Ofisi ya parokia imeagiza wasifu huu uwe mfupi na usitiwe chumvi. Tumejitahidi.

Papa Octave alizaliwa Kasongo, akaletwa Kisangani akiwa mdogo, akasoma kwa mapadre. Alimwoa Mama Anne, binti wa Wagenia, wavuvi wa mto wetu, na shemeji zake wakamfundisha kuvuta mitego kwenye maporomoko. Hakuwa mvuvi hodari. Shemeji hao wapo hapa na wanaweza kuthibitisha.

Kazi atakayokumbukwa kwayo zaidi ni moteti, wimbo mtakatifu wa Kilatini wa sauti tano, usio na kinanda, uliotungwa Ulaya zaidi ya karne tatu zilizopita. Sauti moja huanza, nyingine hufuata kila moja kwa zamu yake. Alipoufundisha mara ya kwanza, waimbaji wengi walikuwa wavuvi, na mvuvi akisikia mwenzake ameanza huitikia pamoja na wote, maana mtego hauvutwi na mtu mmoja. Siku ya Pasaka tenori walipoanza, kwaya nzima iliitikia kwa mkupuo mmoja, na njiwa wakaruka kutoka mnarani. Papa Octave alisimamisha wimbo akapaza sauti hadi altareni: "Hapana kuvuta wote mara moja! Hii haiko mutego!"

Kesho yake aliwapeleka mtoni, akawapanga kando ya kamba ndefu iliyolegea, akaivuta ncha polepole. Kila kundi la sauti liliimba pale tu kamba ilipokazika mikononi mwa waimbaji wake. Wiki chache baadaye kamba iliachwa, na kidole chake kikafanya kazi hiyo. Tangu hapo hakuna aliyeingia bila kidole hicho, nasi tuliona fahari.

Alhamisi iliyopita, kwenye mazoezi, fahari hiyo ilitutia hofu. Wenceslas, anayemrithi, aliinua mkono, tenori wakaanza, sauti nne zilizobaki zikamtazama Papa Octave aliyeketi ubavuni. Yeye, kwa heshima ya mrithi wake, hakuinua kidole. Tenori wakaimba peke yao mpaka wakaona haya. Padre mkuu alisema kwamba moteti ikiharibika leo, itawekwa kabatini na kinanda kitachukua nafasi yake.

Hapo Mama Gertrude wa soprano alisema lililokuwa moyoni mwa wote: "Papa, toka inje kidogo! Macho yako inatufunga koo!" Alitoka, akawasha kiko chake, na wimbo ukafika mwisho bila kasoro. Uliporudiwa, alichungulia mlangoni, na alto wakapotea.

Kwa hiyo wageni waheshimiwa wakiona kiti cha Papa Octave kimeipa kwaya mgongo, wasidhani ni utovu wa adabu wala kosa la ofisi. Ameomba mwenyewe.

Papa Octave, tunakushukuru kwa subira yako na kwa kila sauti uliyoitafutia mahali pake. Tunakutakia afya, mapumziko marefu na samaki wengi kuliko zamani. Na tenori watakapoanza, tafadhali mtazame Mama Anne.