Pembe Ambayo Haijafungwa: Historia ya Mwalimu Aminieli Gerson Nanyaro

Mchungaji, wazee wa ukoo, majirani wa pande zote za korongo, na ninyi vijana mliopanda kutoka Sombetini na kamera zenu, familia inawashukuru kwa kuja na mvua hii, na inawaomba mtulie, hata kama macho yanaukimbilia mlima kila mara, maana ya kwetu pia yanaukimbilia.

Mwalimu Aminieli alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 hapa Nkoaranga, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa marehemu Mzee Gerson na marehemu Mama Hanna, akakulia katika nyumba iliyokuwa karibu kuliko zote na korongo, na kwa sababu hiyo nyumba hiyo ndiyo iliyokabidhiwa pembe ya tandala ya kuwaonya watu pale mto unapokuja na tope. Wageni mtuvumilie tueleze kidogo: pembe ile inapanda mara tatu kwa haraka, inashuka nusu, kisha inakatika, na anayeisikia huacha jembe, huacha chungu motoni, hukimbilia juu kanisani, wala harudi chini mpaka mpigaji yule yule aifunge kwa sauti moja nzito na ndefu, kumaanisha kwamba tope limepita na watu wote wamefika. Mpigaji akifariki hajaifunga, huifunga mtoto wake.

Mwaka 1971, pembe ilipolia, Aminieli alifika juu akiwa amemshika mkono mdogo wake Fanuel, lakini yule mtoto alimkumbuka ndama wake, akachomoka, akashuka kabla pembe haijafungwa, na hakuonekana tena. Mzee Gerson hakumlaumu mwanawe hata kwa neno moja, na pengine ingekuwa heri amlaumu, kwani tangu siku hiyo Aminieli akawa mwoga, tuseme tu ukweli mbele ya jeneza lake, mwoga wa mawingu, mwoga wa ukimya wa ghafla, mtu wa kukaa karibu na mlango hata ibadani.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, akamaliza mwaka 1976, akaenda sekondari mjini Arusha hadi 1980, kisha akasomea ualimu huko Singida, akahitimu 1983, na kuanzia hapo alifundisha katika shule za Meru hadi alipostaafu mwaka 2022, huku akiongoza kikundi cha tarumbeta cha usharika, ambacho wengi wenu kimewapeleka kwenye harusi zenu mkicheka na kimewazikia wazazi wenu. Tarehe 16 Desemba 1989 alifunga ndoa na Elinipa, binti wa Tengeru, wakajaliwa watoto wawili, Frederick, ambaye hakupewa pumzi wala sikio la muziki, na Prisca, aliyepewa vyote.

Baada ya kustaafu akaja Lesian, kijana wa Sombetini, aliyekuwa akitengeneza filamu ya dereva wa bodaboda aliyepata nguvu za radi, jina lake Kishindo, akamwomba Mwalimu atunge muziki wa kumtambulisha shujaa huyo. Mwalimu alitunga mambo makubwa, ngoma, tarumbeta, matoazi, na kila alipomaliza wimbo alikwenda kuupiga sokoni Tengeru mbele ya akina mama wauza ndizi, akawaacha wauze, akarudi jioni kuwauliza nani anaukumbuka, nao wakamwamkia kwa heshima zote na kumwambia kwamba wimbo ni mzuri sana, ila umeshatokea sikio la pili. Alimweleza Lesian kwamba kelele humjaza mtu masikio lakini haziendi naye nyumbani, kwamba muziki wa shujaa unatakiwa uwe mfupi, mtoto aweze kuuimba akitumwa dukani, na uache kitu hakijaisha, ili sikio libaki linangoja.

Siku moja, kwa hasira, akapiga kwa tarumbeta ile sauti ya pembe bila kuifunga, na soko likanyamaza, mama mmoja wa kwetu akasimama akautazama mlima, na wengine, hata wale wa Kilimanjaro wasioijua pembe yetu, wakashinda wakiiimba. Alirudi nyumbani, akamwambia Elinipa kwamba amepata na kwamba anaogopa, Elinipa akamwambia aache mara moja, kitu kile si cha kuchezea, lakini Lesian alikuwa amekwisha kuirekodi, na sifa, jamani, ni tamu hata kwa mwalimu mstaafu.

Filamu ilitoka Agosti 2023, na mnajua wenyewe, watoto waliipiga mluzi njia nzima, bodaboda wakaiweka kwenye honi, harusi zikaingilia nayo. Kila ilipolia Mwalimu alisimama, akautazama mlima, ndipo akaketi. Aliwaambia watoto kwamba wakiisikia kwa pembe wakimbilie kanisani, nao wakamjibu kwamba wakiisikia, Kishindo anakuja.

Tarehe 24 Aprili 2024, saa tisa alasiri, katikati ya masika, korongo lilinyamaza ghafla, maji yakakatika, na Mwalimu akajua tope limeziba huko juu na linajikusanya. Akaipiga pembe, na likatokea lile lile alilokuwa akiliogopa: watu wazima wakacheka, wakasema mzee anaitangaza filamu yake, na watoto, wamejifunga kanga mabegani kama Kishindo, wakatoka kila mlango wakishangilia, wakashuka mbio kumfuata yeye, pale pale ukingoni mwa korongo. Alituambia baadaye kwamba kila uso aliouona ulikuwa wa Fanuel. Akawakemea, hawakusikia, akawatisha kwa fimbo, wakadhani ni mchezo. Basi akarudisha pembe mdomoni, akapanda njia ya kanisani, anapiga na anapanda, mzee wa miaka sitini na miwili, hathubutu kugeuka asije akamwona aliyebaki, watoto wakimfuata yeye, na wazazi wakiwafuata watoto na viboko mkononi, wakimwita Mwalimu mwendawazimu. Walipofika juu ardhi ilitetemeka, na tope likashuka na migomba, kahawa, ng'ombe wetu wawili na nyumba yetu yote, wala halikuchukua mtu. Mlioshika viboko siku ile mpo hapa, tunawaona, na hatuna kinyongo.

Lakini alipoinua pembe aifunge, pumzi haikuwapo, akaanguka. Madaktari walisema moyo umechoka na mapafu yana maji, na mwaka mzima alijaribu kuifunga, kila mara kikohozi kikamshinda, akawa analala amevaa viatu, na kila jioni anamuuliza Elinipa kama wote wamefika. Aliambiwa wote wamefika, na hakuamini. Tarehe 8 Aprili 2025, alfajiri, katika Hospitali ya Nkoaranga, aliuliza tena, na kabla hajajibiwa akafariki dunia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupa pa kulala, walimu wenzake, wana tarumbeta, na Lesian, ambaye ametuondolea moyoni lile jambo la filamu kwa kuja kuchimba kaburi kwa mikono yake.

Jeneza likishuka, Prisca ataifunga pembe. Ametuomba tuwaambie kwamba anaogopa, kwamba tangu juzi anajaribu na midomo inaukimbilia wimbo wa filamu, kwa hiyo akikosea, mtu asimsaidie kwa mluzi, na asishuke mtu, hata kama mvua itazidi, mpaka muisikie imekwisha.

Mwalimu, tumetazamana huku juu kanisani, wakubwa kwa watoto, na wote tumefika. Shuka sasa wewe peke yako, umshike mkono mdogo wako, usimwachie, upumzike naye kwa amani. Prisca, inua pembe.