Sawasawa, Kinyozi Aliyekwenda Kusomea Mifugo

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu, na mwenye chungu jikoni apunguze moto. Leo tunamkumbuka mzee tuliyemwita Sawasawa. Alikuwa kinyozi. Mungu amemchukua akiwa msaidizi wa daktari wa mifugo. Narudia: alianza na vichwa vya watu, akamalizia na mbuzi, mbwa na punda.

Jina la Sawasawa alipewa na wateja. Akikunyoa upande mmoja, hapumui mpaka wa pili ulingane nao. Sikio lako likizidi jingine, alilitazama kana kwamba limemtukana.

Siku moja daktari wa mifugo, akiwa kitini ananyolewa, alimwambia, "Chuo cha jamii kinapokea hata watu wazima. Unaanza na cheti. Nusu darasani, nusu zahanati ya mifugo. Ukitaka, unaendelea na stashahada."

Sawasawa alimaliza kumnyoa. Kesho yake akajiandikisha.

Mkewe alishika kiuno. "Baba watoto, mvi zote hizo ukakae dawati moja na watoto wa juzi?"

"Mvi hazifanyi mtihani, mama. Mkono ndio unaofanya."

Duka la kunyolea alimwachia shemeji yake, mdogo wa mkewe. Walipatana hivi: akifaulu, duka ni la shemeji moja kwa moja. Akishindwa, anarudi kuwa kibarua wa shemeji.

"Shemeji," akacheka yule kijana, "ufagio wa nywele nakuwekea mlangoni. Nimekuchagulia wenye mpini laini."

Basi akasoma. Majina ya magonjwa aliyakariri bafuni kwa sauti kubwa, mpaka jirani akaja kuuliza mgonjwa anapelekwa hospitali lini.

Ukafika mtihani wa vitendo. Mbuzi ana jeraha ubavuni. Kazi ni kunyoa kidogo kuzunguka jeraha, kusafisha, kudunga ganzi, kushona. Sawasawa alinyoa vizuri sana. Akarudi nyuma, akatazama. Ubavu mmoja mtupu, mwingine una manyoya. Wasikilizaji wapendwa, uzalendo ukamshinda. Akanyoa na ubavu wa pili. Sasa mkia ukaonekana mzito, akaupunguza. Muda ukaisha mbuzi maridadi kama bwana harusi, na jeraha liko wazi vilevile.

"Mzee," mwalimu akauliza, "huyu umemtibu nini?"

"Nilikuwa bado namwandaa, mwalimu."

Akaanguka. Ikabaki nafasi moja tu. Nasema tena, moja tu. Akianguka hiyo, chuo basi, ufagio unamngoja.

Asubuhi ya marudio, mkewe alimwekea mkono begani akaomba, "Ee Mungu, mpe huyu mume wangu macho ya kuona upande mmoja tu."

"Amina," akaitikia Sawasawa, kwa unyonge.

Safari hii aliletewa mbwa mwenye manyoya tele, jeraha liko bega la kushoto. Akanyoa palepale. Mkono ukaanza kumwasha. Akamgeukia mwalimu. "Shika mashine hii. Hata nikilia, usinirudishie."

Mwalimu akaishika. Sawasawa akasafisha, akadunga ganzi, akaanza kushona. Katikati akanong'ona, "Mwalimu, kidogo tu, hapo bega la kulia."

"Shona, mzee!"

Akashona. Jeraha likafungwa. Mbwa akatoka mlangoni amenyolewa bega moja, na Sawasawa akafumba macho asimwone. Alifaulu.

Akafanya kazi zahanati ya mifugo mpaka wiki iliyopita, alipolala asiamke. Shemeji yake anasema, "Nimepoteza kibarua ambaye sikuwahi kumpata."

Naye mjane ametuambia hivi: "Watu wananijia na pole, Mungu awabariki. Lakini wengine wanakuja na kuku kwapani. Wakishalia kidogo wananiuliza, 'Mama, huyu anakohoa, tumfanyeje?' Jamani, mimi najua kulia tu!"

Mama, pole sana. Poleni watoto, pole shemeji. Mola amlaze mzee wetu mahali pema.

Nanyi wenye kuku kwapani, tafakarini. Nafasi yake zahanati haina mtu, na mlango wa chuo uko wazi. Kuku hao hawaponi kwa rambirambi. Lazima mmoja wetu akakae darasani.