Mbwa wa Fumiyo Hainuki

Benchi liko mbele ya duka la tofu, ile jibini ya soya, lililofungwa, pembeni mwa mashine inayouza kahawa ya moto ya makopo, kwenye mtaa wa Katsushika ambao siku hizi umejaa mapazia ya chuma yaliyoshushwa. Segawa alifika amebeba mbwa kwenye kitambaa cha zambarau, amemfunga vizuri kama zawadi. Ni mbwa roboti, alikuwa wa marehemu mkewe, Fumiyo, na tangu mazishi amegoma kusimama. Leo watu wa hekalu wanakuja kumchukua. Ataombewa, atafukiziwa ubani, kisha atafunguliwa ili vipuri vyake viwatibu mbwa wengine. Segawa alishakubali kwenye simu. Usiku hakulala, ila hilo hakumwambia mtu.

— Hebu muwashe tuone, alisema Kondakta. Huyu alistaafu treni, na nyumbani ana roboti watatu: mmoja humkumbusha dawa, mmoja humwimbia asubuhi, na wa tatu ni mto wa manyoya wenye mkia, basi, kazi yake mkia tu.

Segawa akabonyeza kitufe. Macho ya mbwa yakawaka, kichwa kikageuka huku na huku, kisha kikalala juu ya miguu.

— Ndiyo hivyo kila siku. Namwambia kwa adabu kabisa: tafadhali simama, tafadhali njoo. Hana habari na mimi.

— Betri hiyo, alisema Tofu, mwenye duka lililofungwa.

— Betri mpya.

— Basi magoti. Baridi hii hata mimi siinuki bila kuvutwa.

— Magoti gani, bwana? Kondakta akadakia. Mbwa kafiwa. Hawa wanajua nyumba ikiwa na msiba. Wangu wa mkia, juzi nilipougua, hakutikisa kutwa nzima.

— Hukumchaji, wewe, alisema Tofu.

— Nilimchaji. Alinihurumia.

— Acha zako. Mimi nasema Fumiyo mwenyewe yumo humo ndani, na amenuna. Segawa, si ulikuwa unamwita mbwa wake Kikaango?

— Zamani hizo. Sasa ni kitu cha marehemu, simtukani tena. Na ajabu yake, zamani nikimtukana ndiyo kwanza anakuja kunikalia miguuni.

— Hao wenzake wa hekaluni wanamwita hewani, alisema Kondakta, ameshainua kopo la pili. Anaaga kidogo kidogo. Mwisho mtamsikia anasali.

Tofu akacheka mpaka kahawa ikampalia. Segawa hakucheka. Alikuwa anawaza kucha za plastiki zikigonga sakafu ya jikoni, tak, tak, nyuma ya Fumiyo aliyekuwa akimsemesha mbwa huku yeye akiongeza sauti ya televisheni. Nyumba sasa ilikuwa kimya, na kimya kile kilimuumiza.

Baiskeli ikasimama. Mwanamke wa makamo akashuka, akainama kusalimia, akajitambulisha kuwa ni Niimura, kutoka hekaluni. Akatoa kikaratasi chenye uzi, cha kufungwa mguuni.

— Poleni, wazee wangu. Mbwa anaitwa nani? Kasisi huwaombea kwa majina.

Tofu alitazama kopo lake. Kondakta, mjuzi wa roboti wote, akakuna kisogo.

— Mbwa wa Fumiyo, Tofu akajaribu.

— Hilo si jina, baba. Hawa hufundishwa jina siku wanapotolewa kwenye boksi, na bila jina hilo, kwa sauti ya mtu wa nyumbani, hawainuki. Mlimwitaje siku hiyo?

Segawa akaikumbuka siku hiyo. Fumiyo alikuwa amepiga magoti kando ya boksi, anamuuliza tumwite nani, na yeye yuko nyuma ya gazeti.

— Mimi nilisema Kikaango, alisema kwa sauti ndogo.

Mbwa akainua kichwa. Mguu wa mbele ukatoka, wa nyuma ukafuata, akasimama juu ya kitambaa cha zambarau, akatembea kwenye benchi, tak, tak, akaja kumwegemea Segawa ubavuni.

— Fumiyo alilikubali, alisema Segawa. Hakuniambia, mke wangu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Niimura akakirudisha kikaratasi mfukoni, akainama, akapanda baiskeli yake.

Kitambaa kilibaki kwenye benchi. Segawa aliondoka na mbwa mikononi, akipita mbele ya majirani zake na lile tusi mdomoni, Kikaango, Kikaango, na kila akiita, mkia ulitikisika.