Sauti ya Mama Tulinagwe

Mgeni rasmi, Mama Zakia, muuza vitenge wetu wa Tukuyu mjini. Wachungaji, wazee wa kanisa na ndugu waalikwa: Bwana asifiwe. Na kwako mama yetu, asalaam aleikum.

KARIBU
Mvua hii haikukuzuia kupanda hadi Kawetele kutuzindulia video. Sare tulizovaa ni vitenge ulivyotupa wewe. Ndaga fijo, tunashukuru sana.

TULIKOTOKA
Kwaya yetu ilianzia misibani, tukiimba huku tukipika. Wimbo wa leo aliutunga Mama Tulinagwe, mkulima wa ndizi, alipotoka kumzika mumewe. Ndiye aliyeuongoza studio.

MAFANIKIO
Video imepigwa kando ya Ziwa Masoko na imeng'aa kwelikweli. Sauti mtakayoisikia ni ya Mama Tulinagwe.

CHANGAMOTO
Uso mtakaouona si wake. Mpiga video alitupanga: wembamba mbele, wanene nyuma, wazee kule migombani. Akamwambia Mama Tulinagwe, "Bi mkubwa, sauti kali, ila sura hailipi kwenye video." Akaletwa binti asiyeujua wimbo, akafundishwa kuchezesha midomo. Binti hatumlaumu. Naye kiuno chake kimeonyeshwa kuliko uso, hata pale tunapoutaja msalaba.

Mwenzetu Doreen, anayesoma chuo, alitueleza kwamba wasomi wanaotetea wanawake wameliandikia vitabu jambo hili. Wanasema kamera humtazama mwanamke kwa jicho la mwanaume: humkatakata viungo, na akizeeka humfuta. Mama Tulinagwe alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe tuko wengi! Mimi nilidhani ni sura yangu tu."

Hakuimba tena. Masika yaliyopita alifariki, tukamzika na sare yake. Inatuuma mno.

Baada ya matanga wajukuu waliomba kumwona bibi yao akiimba, na picha nyingine ya kuwaonyesha hatukuwa nayo. Tukawawekea video hii. Mdogo wao, Veronika, aliisogelea runinga akauliza, "Bibi yuko wapi?" Tukamwonyesha migomba.

MAOMBI
Mgeni rasmi, tunajua risala huomba kinanda na spika. Hatuna, lakini leo hatuviombi. Tunaomba utusemee jina la Mama Tulinagwe liandikwe mwanzoni mwa video. Tunaomba pia vijana wa kamera wakija tena Rungwe watupige tulivyo, na makunyanzi yetu.

Ombi la mwisho ni la sasa hivi. Utakapozindua, waambie mafundi wazime picha, waache sauti peke yake. Veronika amekaa pale mbele. Ukiwasha picha, atamtafuta tena bibi yake na hatamwona. Ukiizima, atamsikia.

Mungu akutunze, mama, wewe na nyumba yako, na kila aliyekuja arudi salama kwa watu wake.

Ni sisi wa kule migombani,
Akina Mama wa Kwaya ya Tumaini, Kawetele.