Mkono Juu ya Kichwa: Tunamuaga Mwalimu Radjabu Hadji

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha darasa la kwanza, Mwalimu Radjabu Hadji anastaafu tarehe 31 Julai 2004. Nusu ya mji wetu wa Rumonge ilijifunza kusoma kwake. Nusu nyingine ilirudishwa mlangoni kwa sababu ya sikio.

Kwa asiyejua: mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hupitisha mkono wa kulia juu ya kichwa. Vidole vikigusa sikio la kushoto, umri wa shule umefika. Mwalimu alikipenda kipimo hiki kwa kuwa hakijui tajiri wala maskini. Kila Septemba madawati yalikuwa machache na wazazi wengi kama ndagala, dagaa wa ziwani. Wapo waliowazoesha watoto nyumbani kuinamisha shingo. Wengine, wakikumbuka kwamba mkono mtupu haulambwi, walikuja na kidumu cha mawese. Kidumu kilirudi kimejaa, na sisi wenzake tulikisindikiza kwa macho ya huzuni.

Vita vikaleta wakimbizi. Mwaka 1998 Esperance, mama muuza ndagala aliyekimbia kutoka Uvira, ng'ambo ya ziwa, alimleta bintiye Chanceline kwa mara ya pili. Mkono haukufika safari hii pia. Mwalimu akamwambia arudi mwakani, lakini mama hakuondoka. "Mwalimu, mukono iko mufupi juu ya njaa," alisema kwa Kiswahili cha kwao, yaani njaa ndiyo iliyoufupisha. "Miaka iko yote."

Mwalimu akamwomba mtoto afungue kinywa. Meno makubwa ya mbele yalikwishaota zamani. Binti alikuwa na miaka tisa. Nyuma yake alisimama mtoto wa mfanyabiashara, ameshiba, mkono umefika, meno ya utoto yote yapo. Nafasi ilibaki moja. Mwalimu alimpa Chanceline.

Mfanyabiashara alilalamika hadi kwa wakubwa, nasi tuliogopa Mwalimu wetu atahamishwa. Yeye alikuwa na hofu nyingine: kipimo alichokiita cha haki kilikuwa kimewafungia mlango wenye njaa. Akapanda baiskeli, akaifuata barabara ya ziwani hadi Magara, akiwaulizia watoto aliowarudisha. Aliowapata aliwabananisha kwenye madawati yaleyale. Wengine vita vilishawahamisha. Hadi leo inamuuma, nasi inatuuma pamoja naye.

Juma lililopita Chanceline, aliyemaliza darasa la sita, alikuja kumuaga. Bila kuambiwa, alipitisha mkono juu ya kichwa. Vidole vililivuka sikio vikashuka hadi shavuni. Mwalimu alicheka sana, kisha akageuka kuufuta ubao ambao haukuwa na maandishi.

Murakoze cane, asante sana, Mwalimu. Kapumzike vizuri, na siku zako za kustaafu ziwe njema na ndefu. Kidumu cha mawese kilicho mezani kimetoka kwetu walimu. Hatuna mtoto wa kuandikisha. Safari hii tafadhali usikirudishe.