Peniamina Seuala na Miguu Isiyopaswa Kuonekana

Marehemu Peniamina Seuala alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika kijiji cha Lotofaga, Samoa, mtoto wa mzee Tavita na mama Fuatino. Mimi Sieni, dada yake wa pekee, nilimfuata mwaka uliofuata. Kwetu kaka ndiye mlinzi wa heshima ya dada yake, na Peniamina alilichukulia jambo hilo kwa uzito tangu akiwa mdogo.

Alisoma shule ya misheni kijijini, ambako madaftari yake yalijaa picha kuliko hesabu. Mwaka 1988 alihamia Brisbane, Australia, kusomea uchoraji. Kwa miaka ishirini alichora picha bapa: vitabu vya watoto, mabango ya kanisa, fulana za timu za raga. Picha yake iliyopendwa zaidi ilikuwa ya msichana anayecheza taualuga, ngoma ya kufungia sherehe. Alizoea kusema, "Picha ya karatasi ina adabu. Inakuonyesha upande mmoja, basi. Ukichungulia nyuma unakuta karatasi."

Alifunga ndoa na Lupe tarehe 3 Desemba 1994 katika kanisa hili la Logan, jirani na Brisbane. Lupe ndiye aliyenishika mkono siku nilipochanjwa malu, alama za mwanamke zinazoanzia mapajani hadi chini ya magoti. Kaka hakuwahi kuziona, wala haikumpasa.

Mwaka 2009 kampuni ya michezo ya kompyuta ilimwajiri amgeuze msichana yule awe wa vipimo vitatu, wa kutazamwa kutoka kila upande. Huko nguo haianguki vizuri bila miguu ndani yake, hivyo alimjengea miguu. Hapo uaminifu wake ukamponza. Aliona ni aibu mcheza taualuga kukosa malu, hata kama nguo imemfunika. Alimwomba Lupe amchoree, na Lupe alichora alizozikumbuka, yaani zangu. Mchezo ulipotoka, vijana waligundua kuwa wanaweza kuishusha kamera ya mchezo hadi chini ya nguo. Binti yangu Eseta alizikuta picha za miguu hiyo kwenye simu za wenzake, akazitambua alama zangu.

Peniamina aliacha kazi. Kampuni iliifuta miguu, lakini nakala zilikwisha kusambaa. Jumamosi moja alikuja akaketi uani kwangu, amejifunika kichwa kwa mkeka wa heshima wa familia, kama wafanyavyo wenye hatia kwetu, akisubiri mkosewa aje amfunue.

"Mama Eseta, kaka yako anaiva pale nje," mume wangu aliniambia dirishani.

"Mwache aive."

"Jirani ameshauliza kama tunauza zulia."

Nilicheka bila kupenda. Nilitoka, nikauinua mkeka, nikamwambia, "Nyanyuka, chai inapoa." Aliingia, akanywa. Lakini tangu siku ile kila alipokuja kwangu alikaa karibu na mlango, na hakunitazama tena usoni. Mimi nilikuwa nimemsamehe. Yeye hakujisamehe, na jambo hilo liliniumiza kuliko zile picha.

Alirudi kwenye michoro bapa hadi moyo wake ulipoanza kudhoofika mwaka 2021. Daktari alimwonyesha moyo huo kwenye kompyuta, akiugeuza huku na huku, akaeleza kuwa picha ya namna hiyo humwonyesha mpasuaji mishipa iliyojificha nyuma, ambayo picha bapa ingeificha. "Geuza taratibu, daktari," Peniamina alisema. "Mwenyewe bado hajaruhusu." Daktari alicheka. Lupe na mimi tulitazama sakafu.

Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Juni 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa Lupe. Ameacha mjane, watoto wawili, Tavita na Moana, mjukuu mmoja, na dada.

Mkeka uliofunika jeneza lake leo ndio ule wa uani kwangu, aliuomba mwenyewe. Kabla hajashushwa nitakwenda kuuinua mara ya pili. Kaka, safari hii nitazame usoni, kisha ulale kwa amani.