Zabibu za Mama Mkwe

Ndugu zangu, ushuhuda wangu nimeandika kwa karatasi, maana nikiongea tu nitawatukana wengine kabla sijafika katikati.

Mnajua niliolewa na Mwarmenia hapa Marekani. Shule yangu iliishia darasa la sita, lakini lugha yake niliishika jikoni kwao, na Baba Yetu naiomba kwa Kiarmenia mpaka leo. Kanisani kwao walinipaka mafuta, nikawa wao. Mama Kamau, uko pale nyuma nakuona, ulisema nimepotelea kwa watu wa mishumaa.

Mume wangu akafa. Arobaini yake ilipofika, nikakaa meza ya mbele na binti yangu. Shemeji yangu Vartan akaja na Kiingereza chake: "Hii meza ni ya familia." Nikamjibu kwa Kiarmenia. Akacheka. "Hata kasuku huongea." Mama mkwe alisikia, akaendelea kukata mkate. Binti yangu aliinuka, na tangu siku hiyo haendi kwa Waarmenia wala haji hapa kwetu. Kiarmenia hataki, Kiswahili hataki. Huyo nimempoteza, sitawadanganya.

Mwaka huu mama mkwe akaletwa kwa nyumba ya wazee Fairfax, pale ninapoosha wazee. Kiingereza kimemtoka chote. Wajukuu, watoto wa Vartan, hawajui neno lake hata moja. Nawaambia, nilitaka kumpita. Lakini alikuwa anasukuma mbali zabibu mbichi, wauguzi wakadhani amegoma kula. Kwao zabibu za mwaka haziliwi mpaka kasisi azibariki, mwezi wa nane.

Siku ya kuzibariki ilipofika nikarudi kanisani kwao, hakuna aliyenisalimia, nikamchukulia kishada kilichobarikiwa. Mama mkwe alikula mkononi mwangu.

"Wewe msichana ni wa nani?" akaniuliza kwa Kiarmenia.

"Wako, mama."

"Basi mbona umesimama? Kaa."

Nikakaa. Nililia mpaka nikachelewa kwa mzee mwingine.

Namshukuru dada Wanjiku wa Springfield, alinipeleka kanisani kwao na gari lake na hakuniuliza kitu. Nyinyi wengine, msimwinue mtu mezani. Iko siku mtabaki na Kikuyu tupu mdomoni, na watoto wenu hawatawasikia.

Nilimsimulia binti yangu kwa simu. Akasema, "Okei, Mom," akakata. Kesho yake mama mkwe akaniuliza tena mimi ni wa nani. Nikamjibu, nikavuta kiti.